MAJINA TUNAYOPEWA, SEHEMU YA 4: Waridi la Mama Amani

Leo tunatoka wodi ya wazazi tunaingia bustanini, maana maua nayo hupewa majina, na waridi moja lina kisa kinachotuhusu sisi akina mama.

Karibu na mji wa Lyon, Ufaransa, iliishi familia ya Meilland. Kazi yao ilikuwa kuzalisha mawaridi mapya. Mama wa nyumba hiyo aliitwa Claudia. Baba yake, Francis Dubreuil, naye alikuwa mzalishaji wa mawaridi, kwa hiyo Claudia alitoka kwenye maua akaolewa kwenye maua. Saratani ilimchukua kabla hajazeeka.

Mwaka 1935 mwanawe, Francis Meilland, alikuwa akichanganya mbegu. Unachukua chavua ya waridi hili, unaipaka kwenye lile, unasubiri mbegu, unazipanda. Miche mingi hutupwa, michache huangaliwa. Mmoja ulipewa namba tu: 3-35-40. Maana yake mchanganyiko wa tatu, mwaka 1935, mche wa 40. Ni kama kichanga wetu aliyefungwa utepe mkononi ulioandikwa "Mtoto wa Asha" kabla hajapata jina lake.

Mche ule ulichanua ua kubwa la njano, kingo zake zina wekundu mpole. Kabla vita havijafunga njia, Meilland alituma vikonyo vyake Ujerumani, Italia na Marekani. Kisha mawasiliano yakakatika. Kila nchi ikabaki na mtoto yule yule, kila moja ikampa jina lake. Wajerumani walimwita Gloria Dei, yaani Utukufu wa Mungu. Waitaliano wakamwita Gioia, Furaha. Ufaransa kijana alimkumbuka mama yake, akaliita Madame A. Meilland.

Wamarekani walichelewa kidogo. Tarehe 29 Aprili 1945, huko Pasadena, California, walilitangaza kwa jina la Peace, Amani. Siku chache baadaye Ujerumani ikasalimu amri. Wakati huo wajumbe wa mataifa walikuwa San Francisco wakiunda Umoja wa Mataifa, na wakuu wa ujumbe walipelekewa kila mmoja ua moja la waridi hilo. Basi jina la Amani likashinda mengine yote.

Swali ambalo wengi mtauliza: je, ua lenyewe lilikuwa zuri au lilibebwa na jina? Jina lilisaidia kuuza, hilo kweli. Ila bustanini jina halimwagilii maji. Mmea wenyewe ulikuwa na nguvu: shina imara, majani mazito yanayong'aa, ua kubwa kuliko kiganja. Mwaka 1976 lilikuwa waridi la kwanza kabisa kuingizwa kwenye orodha ya heshima ya shirikisho la vyama vya waridi duniani. Kasoro zake nazo zipo. Harufu yake ni hafifu, jua kali hufifisha rangi, na leo linashambuliwa sana na ukungu wa madoa meusi kwenye majani. Anayelipanda alipe jua la kutosha, amwagilie kwenye shina bila kulowesha majani, na aokote majani yenye madoa ayatupe mbali.

Na msipande mbegu zake mkitegemea kupata Amani. Ni kama embe la kubebesha: ukipanda kokwa, hujui litatoka embe gani. Kila mwaridi wa Amani duniani umetokana na kikonyo cha mche ule mmoja, mara nyingi kikabebeshwa kwenye shina lingine. Ndiyo maana siku hizi wazalishaji husajili pia jina la kitaalamu linaloanza na herufi za ukoo wao, kama MEI kwa Meilland, ili hata ua likibadilishwa jina kila nchi, asili yake ijulikane.

Sasa rudini kwenye jina la Ufaransa. Ile A ni ya Antoine, mume wake. Kijana alitaka kumkumbuka mama, lakini desturi ya huko ilikuwa mke huandikwa kwa jina la mumewe. Baadaye dunia ikalifunika hata hilo kwa Amani. Majina manne kwa ua moja, na Claudia hayumo hata kwenye moja.

Tusiwacheke Wafaransa. Sisi tunaitana Mama Amani, Mama Furaha, na ni heshima kubwa, siipingi. Ila kazini nakutana nayo kila mara: mama analetwa hajitambui, jirani aliyemleta ameishi naye miaka, ukimuuliza jina anasema, "Sisi tunamjua kama Mama Furaha." Kadi ya kliniki iko nyumbani. Kundi la damu, mzio, historia ya uzazi, vyote viko chini ya jina ambalo hakuna aliyepo anayelijua.

Kwa hiyo wiki hii fanyeni mambo mawili. Mfundishe mtoto wako jina lako kamili, siyo "mama" tu, hata akipotea sokoni aweze kulisema. Na jirani yako wa karibu alijue pia, pamoja na mahali unapoweka kadi yako.

Sehemu ya 5 tutaongea kuhusu watoto wanaopewa majina ya marehemu. Niandikieni hapa chini: wewe unaitwa nani, kabla hujawa Mama Fulani?