Ulaji wa Nafasi: Istilahi ya Programu Katika Vifaa vya Mkononi

Ulaji wa nafasi ni kiasi cha uwezo wa kifaa ambacho programu hujitwalia pamoja na mazingira yanayoiendesha, na mazingira hapa ni vile vyote ambavyo mtumiaji havioni lakini msimbo hauendi bila hivyo, yaani mkalimani wa lugha ya programu au mashine dhahania, na maktaba za amri zilizokwisha kuandikwa. Kiingereza hulitaja jambo hili kwa neno lenye maana ya alama ya mguu, lakini kulifasiri kuwa unyayo kunapotosha, kwa kuwa nyayo katika Kiswahili ni alama za aliyekwisha kupita na kwa hiyo ni njia ya kufuatwa, maana ambayo Rais Daniel arap Moi aliifanya kaulimbiu ya utawala wake nchini Kenya mwaka 1978, ilhali programu inayozungumziwa haijapita popote. Imekaa, na tatizo lake ni huko kukaa. Watumiaji wa simu wamekwisha kupata neno lifaalo, kwani husema programu inakula nafasi, inakula bando, inakula chaji. Ni kweli kwamba ulaji peke yake hutumika pia kwa wanaojinufaisha na mali ya umma, lakini maneno "wa nafasi" yanauondoa utata huo.

Ulaji huo una sura zaidi ya moja, na hapa ndipo istilahi inapohitaji uangalifu. Upo ulaji wa hifadhi, ambamo faili za programu hubaki hata simu ikizimwa. Upo ulaji wa kumbukumbu ya kazi, ambayo hutumika programu inapoendeshwa tu. Na upo ulaji wa bando wakati wa kupakua na kusasisha. Kupunguza mmoja mara nyingi huongeza mwingine. Android 5.0, iliyotoka mwaka 2014, ilianza kuitafsiri programu nzima kuwa lugha ya prosesa wakati wa kuisakinisha, hivyo programu zikafunguka upesi lakini faili za tafsiri zikala hifadhi zaidi, mpaka Android 7.0 ya mwaka 2016 ilipoamua kutafsiri hasa zile sehemu zinazotumiwa mara kwa mara na kuziacha nyingine kama zilivyo. Miaka mingi kabla ya hapo, kampuni ya Sun Microsystems iliunda mashine dhahania ya Java iliyoitwa KVM, herufi K ikiwa ya kilobaiti, kwa sababu yenyewe ilitosha katika makumi machache ya kilobaiti za simu za wakati huo. Huduma za fedha za simu, kama M-Pesa iliyoanza Tanzania mwaka 2008, zilikwenda mbali zaidi, kwani menyu za nyota na reli huendeshwa na mitambo ya kampuni, na simu haisakinishi kitu.

Njia hiyo ya mwisho haimfai mtoto anayejifunza kusoma mahali pasipo mtandao, na jambo hilo lilionekana wazi katika Mkoa wa Tanga. Shindano la Global Learning XPRIZE lilijaribu programu tano za kufundishia katika vijiji takriban 170 vya mkoa huo, vikiwamo vya wilaya za Handeni na Korogwe, kwa muda wa miezi 15, ambapo watoto walipewa tableti za Pixel C zilizochajiwa kwa umeme wa jua. Kabla ya jaribio, zaidi ya asilimia 90 ya watoto hao hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Tarehe 15 Mei 2019 timu za Kitkit School na onebillion zilitangazwa washindi wa pamoja, kila moja ikipata dola milioni 5 za Marekani.

Kwa kuwa masomo hayakutegemea intaneti, kila sauti ya mwalimu, kila picha na kila hadithi ilibidi iwe ndani ya tableti yenyewe. Ulaji wa bando uliondoka na mzigo wote ukahamia kwenye hifadhi. Upande wa kumbukumbu ya kazi, tableti zile, zilizotolewa na Google, zilikuwa na gigabaiti 3. Msimbo wa programu zote tano uliachwa wazi ili yeyote autumie, na hilo ni jambo la kushukuriwa sana, lakini uwazi huo haumfikii mzazi wa Korogwe mwenye simu ya kumbukumbu ya kazi ya gigabaiti 1 mpaka mtu aifanye kazi ya kupunguza: kuondoa maktaba ambazo hakuna somo linaloziita, kuacha zile zilizotengenezwa kwa prosesa zisizokuwemo katika simu hiyo, kuzibana sauti, ambazo katika programu za aina hii huwa nzito kuliko msimbo wenyewe, na kuyagawa masomo ili hatua ya kwanza ipakuliwe peke yake na kupitishwa kwa kadi ya kumbukumbu kutoka simu moja hadi nyingine. Anayeieleza programu kama hiyo kwa Kiswahili na ataje aina zote tatu za ulaji wake, kila moja kwa megabaiti zake, kwa sababu mzazi aliyeambiwa ukubwa wa faili la kupakua tu hajaambiwa kama simu yake itaweza kulifungua.