Si Mratibu, ni Mtunzi wa Ushambuliaji

Mwishoni mwa Oktoba 2023 shangazi yangu alinipigia simu kutoka Tanga. Nilimpa shikamoo, akaitikia marahaba kwa sauti ya mtu mwenye hofu. Kuna mtu alimtumia habari fupi ya Kiswahili iliyosema kwamba chuo kikuu cha Iowa, huku Marekani ninakoishi, kimeamua kuachana na mratibu wake wa mashambulizi. "Baba, huyo mtu wameshamkamata?" akaniuliza. "Na nyie huko mko salama?" Nikamweleza kwamba hakuna bomu wala bunduki, aliyetajwa ni kocha msaidizi wa mpira wa Kimarekani, mtoto wa kocha mkuu, na kosa lake ni kwamba timu haipati pointi. Shangazi akashusha pumzi. Mimi hasira haijanishuka hadi leo.

Shangazi hakukosea. Kwa miaka mingi taarifa zetu za habari zimemwita mratibu wa mashambulizi mtu anayepanga milipuko na kuwatuma wenzake kuitega. Mzungumzaji yeyote wa Kiswahili akiyasikia maneno hayo pamoja atawaza hivyo. Mwandishi wa ile habari naye nisimlaumu sana, kwa kuwa aliyakuta maneno hayo katika orodha ya istilahi za michezo iliyotolewa na kamati moja ambayo sitaitaja. Kamati hiyo ilikifasiri cheo cha "offensive coordinator" kwa kufungua kamusi mara mbili, mara moja kwa kila neno, kisha ikafunga kikao. Nililiandikia jopo hilo kurasa 4 za hoja. Nikajibiwa kwa mistari 2. Hoja zangu hazikupimwa, na ndiyo maana nazileta hapa.

Nitautumia mfano wa Iowa kwa kuwa ndio ulionionyesha ubovu wa tafsiri hiyo. Brian Ferentz alikishika cheo hicho mwaka 2017, chini ya baba yake Kirk Ferentz, aliyekuwa kocha mkuu tangu 1999. Kwa sababu ya undugu huo, kikazi hakuwajibika kwa baba yake bali kwa mkurugenzi wa michezo wa chuo. Msimu wa 2022 Iowa ilifungua pazia kwa kuwafunga South Dakota State 7-3, na katika pointi zile 7 hapakuwa na tachidauni (bao la kuufikisha mpira eneo la mwisho la wapinzani) hata moja: teke moja la pointi 3, na mara mbili walinzi walimwangusha mwenye mpira ndani ya eneo lake la mwisho, pointi 2 na 2 nyingine. Februari 2023 mkataba wa Brian ukaandikwa upya. Mshahara ulishushwa hadi dola 850,000, na akawekewa sharti: ushindi usiopungua mechi 7, na wastani wa pointi 25 kwa mechi. Mashabiki wakapiga hesabu, mechi 13 mara pointi 25, wakapata 325, na kuanzia hapo kila Jumamosi katika uwanja wa Kinnick watu waliutazama ubao wa matokeo kama wadai wanaohesabu marejesho ya mkopo.

Deni halikulipika. Mechi 14, fainali ya ligi ikiwa imeongezeka, ushindi 10, pointi 216. Wastani wa 15.4. Fainali ya ligi walifungwa na Michigan 26-0, kisha Citrus Bowl wakafungwa na Tennessee 35-0. Uamuzi wa kutoendelea na Brian ulikuwa umetangazwa tarehe 30 Oktoba, msimu ukiwa katikati, naye akaachwa aumalize.

Sasa sikilizeni mashabiki walivyobishana, maana istilahi hujulikana uzito wake pale watu wanapogombana. Coralville na Iowa City zina jamii kubwa ya Wakongo wanaozungumza Kiswahili, na kinyozi wangu ni mmoja wao. Msimu ule, pale kwenye viti vya kusubiri, nilisikia kila hoja. Mmoja alisema tatizo ni kwotabeki, yaani mrusha mpira, kwa kuwa Cade McNamara aliumia goti katika mechi ya Michigan State na aliyebaki ni wa akiba. Mwingine alisema watano wa mbele hawazuii. Mzee mmoja alimtwika mzigo kocha mkuu: baba mtu ndiye anayependa kuupiga mpira mbali na kuwaachia walinzi washinde mechi, na ndiyo maana mpigaji wao Tory Taylor, Mwaustralia, aliupiga mpira yadi 4,479 mwaka ule na kuvunja rekodi ya msimu ya vyuo vikuu vyote vya Marekani. Waliobaki walisema ni Brian na si mwingine. Wao walimwita "kodineta". Mimi, kwa kuwa nilidhani ni wajibu wangu kueneza orodha rasmi, nikasema mratibu. Kijana aliyekuwa akinyolewa akageuza shingo wembe ukiwa kichwani, akaniuliza: "Mwalimu, kama kazi yake ni kuratibu tu, kosa lake ni nini?"

Sikuwa na jibu. Nilirudi nyumbani na swali lake, na makala hii imetoka hapo.

Ratibu tumelipata kwa Kiarabu, rattaba, kupanga vitu kwa daraja na zamu. Mzizi wake r-t-b ndio uliotupa pia ratiba na martaba. (Rutuba haimo katika ukoo huu, ile ina t nzito, na asili yake ni unyevu. Nimeona kitabu kimoja kikiyaunganisha, nikakifunga.) Mratibu basi ni mtu anayehakikisha kazi za wengine zinapishana bila kugongana. Tanzania tulikuwa na Mratibu Elimu Kata, tuna waratibu wa chanjo, tuna waratibu wa miradi. Ni watu wa heshima na wanafanya kazi kubwa, lakini mratibu wa chanjo hakuitengeneza chanjo. Dawa ikiwa mbovu, hakuna atakayemgeukia yeye. Ukimwita Brian Ferentz mratibu umemsamehe kabla mjadala haujaanza, na umewanyang'anya mashabiki neno walilolihitaji kuliko jingine lolote.

Watetezi wa mratibu husema wamefuata Kiingereza. Wangekifuata hadi mwisho. Neno la Kiingereza limetoka kwenye Kilatini ordo, yaani safu, na wanaisimu wanalihusisha na ordiri, kuanza kufuma: kuzitandika nyuzi kwenye kitanda cha mfumi kabla ya kazi kuanza. Safu ya kwanza ilikuwa safu ya nyuzi. Wafumi wa Kiswahili walikuwa na majina yao kwa jambo hilo hilo, mtande kwa nyuzi zinazotandazwa na mshindio kwa uzi unaopita kati yake. Kwa hiyo kamati ingechimba kidogo tu chini ya neno ililokuwa ikilifasiri ingekutana na uzi, na mtu anayetafuta uzi katika Kiswahili hafiki mbali kabla ya kukutana na kitenzi tunga.

Hapa naomba niruhusiwe kukaa kidogo. Unatunga uzi kwenye sindano. Unatunga shanga. Wanawake wa pwani hutunga asumini, wavuvi hurudi na mtungo wa samaki waliopitishwa ukili kwenye matamvua. Mimba hutunga, na jipu hutunga usaha. Mshairi hutunga shairi, Bunge hutunga sheria, mwalimu hutunga mtihani. Katika yote haya jambo ni moja: vitu vilivyokuwa mbalimbali vimepitiwa na kitu kimoja, vikawa kitu kimoja. Ukiukata uzi, shanga hutawanyika sakafuni. Na anayetunga tunamwita mtunzi, kwa sheria ile ile iliyotupa mjenzi kutoka jenga: ng ikikutana na i ya mtenda hugeuka nz. Asichanganywe na mtunzaji, ambaye ni wa tunza. Mtunzaji hulinda kilichopo, mtunzi huleta kisichokuwepo.

Tazameni sasa wachezaji 11 wanapojipanga. Watano wa mbele wana namna yao ya kuzuia, mkimbiaji anajifanya amepewa mpira, mpokeaji mmoja anakimbia moja kwa moja ili amvute mlinzi, mwingine anakata kona nyuma yake, na kwotabeki anahesabu hatua zake akijua mwenzake atakuwa wapi. Kila mmoja ana la kwake, na kila la kwake halina maana bila la wenzake. Hiyo ni tungo. Kila aliyepita sekondari kwetu ameichambua tungo tata na anajua kwamba tungo ina viambajengo, kwamba kiambajengo kimoja kikikosewa maana nzima inapotea. Neno liko tayari, limesomeshwa kwa vizazi, na linasubiri kutumiwa. Daftari kubwa la kocha, lenye tungo zote za msimu, liitwe diwani, jinsi tunavyouita mkusanyo wa mashairi ya mtu mmoja.

Washairi wametupa na jambo la pili. Kwao anayetunga na anayeghani wanaweza kuwa watu wawili. Katika mpira huu pia, zipo timu ambazo msaidizi huzitunga tungo wiki nzima, lakini siku ya mechi kocha mkuu mwenyewe ndiye anayechagua ipi itolewe sasa na ipi baadaye. Hadi msimu wa 2023 vyuo vilizipeleka tungo uwanjani kwa ishara za mikono na mabango; tangu 2024 zile timu za daraja la juu zimeruhusiwa redio ndani ya kofia ya mchezaji mmoja. Anayezitoa ni mghani. Brian alikuwa vyote viwili, mtunzi na mghani. Ndiyo maana lawama zilimfikia zikiwa nzima, hazikuwa na pa kugawanyika.

Mistari 2 ya kamati ilisema kwamba mtunzi ni neno la fasihi na halifai uwanjani. Nimekwisha kujibu: sheria si fasihi, mtihani si fasihi, na vyote hutungwa. Nitaongeza hili tu. Anayetunga mtihani mbovu huulizwa, na wanaotunga sheria mbovu hunyimwa kura. Neno hili linakuja na uwajibikaji wake mkononi, na huo ndio uliokuwa ukitafutwa kwa kinyozi.

Yupo mwenzangu wa magazetini anayesukuma "jemadari wa mashambulizi". Kutoridhika na mratibu alikupata kwangu, katika mazungumzo ya jioni moja, na alipoandika hakunitaja; hilo nimelimeza. Lakini neno lake haliwezi kupita. Jemadari limetufikia kwa njia ya Bara Hindi, kutoka kwa Waajemi, ambao walichukua jamaa ya Kiarabu, yaani kundi, wakaipachika dar yao, mwenye kushika. Mwenye kushika kundi zima ni kocha mkuu. Msaidizi wake akiwa jemadari, yeye mwenyewe ataitwa nani? Isitoshe, shangazi yangu alipata hofu kwa sababu ya vita katika jina, na mwenzangu amemwongezea cheo cha vita juu yake.

Ndiyo maana sisemi hata "mtunzi wa mashambulizi". Watangazaji wetu wa redio walikwisha kutenganisha mambo haya kabla ya kamati yoyote kukaa: mashambulizi ni matendo, yanakuja na kwenda, ushambuliaji ni idara ya timu, nayo husifiwa kuwa kali au hulaumiwa kuwa butu. Mtu wetu ameajiriwa kwa ajili ya idara. Na kwa upande wa pili atakuwepo mtunzi wa ulinzi. Iowa ile ile, mwaka ule ule, mtunzi wake wa ulinzi Phil Parker alipewa tuzo ya Broyles, anayopewa kocha msaidizi bora wa vyuo vikuu. Waite wote wawili waratibu, na hutaweza kumweleza mgeni kwa nini mmoja alipewa tuzo na mwingine akaonyeshwa mlango. Waite watunzi, na mgeni ataelewa kabla hujamaliza sentensi: diwani moja ilikuwa nzuri, ya pili ilikuwa mbovu.

Matumizi hayana ugumu: mtunzi wa ushambuliaji, mtunzi wa ulinzi, tungo, diwani, na mghani pale anapokuwa mtu mwingine.

Nawaomba wahariri wa michezo, wa redio na wa magazeti, msiingoje kamati. Nilimrudia kinyozi wangu msimu uliofuata nikalitumia neno hili bila maelezo, na hakuna aliyeniuliza maana yake. Walianza moja kwa moja kubishana kama tungo za mtu mpya ni nzuri au ni wachezaji tu waliobadilika. Brian Ferentz alikuwa mtunzi wa ushambuliaji wa Iowa kuanzia 2017 hadi 2023. Aliyempokea, Tim Lester, aliteuliwa Januari 2024, na katika msimu wake wa kwanza Iowa ilipata pointi 360 kwa mechi 13.