Mshairi wa Nje ya Mlango

Mjini Pandharpur, jimbo la Maharashtra nchini India, mahujaji wanaokwenda kwenye hekalu la mungu Vitthal hupita kwanza kwenye kaburi la Chokhamela, nje, karibu na ngazi za mlango mkuu. Enzi za uhai wake, katika karne ya 14, hakuruhusiwa kuingia ndani. Alikuwa Mmahar, mtu wa jamii iliyopewa kazi ya kuondoa mizoga ya ng'ombe, na kumgusa Mmahar kulihesabiwa kuwa najisi.

Nimekuwa nikiwasoma washairi wa bhakti kwa ajili ya shahada yangu ya uzamili, na huyu ndiye anayeninyima usingizi. Bhakti ni njia ya kumwendea Mungu kwa mapenzi. Huhitaji Kisanskriti; litaje jina lake, imba kwa lugha ya nyumbani kwenu, yatosha. Inasimuliwa kwamba Vitthal alipomtembelea Pundalik alimkuta akiwahudumia wazazi wake, akarushiwa tofali asimame juu yake, asubiri. Hadi leo sanamu yake imesimama juu ya tofali, mikono kiunoni. Mungu anayekubali kusubirishwa! Ila Chokhamela naye alisubiri, na hakufunguliwa.

Wengi humsifu kwa unyenyekevu wake. Mimi naona wanasoma nusu tu. Ni kweli, kuna tungo ambamo anakubali kuwa alizaliwa chini kwa sababu ya matendo ya maisha yaliyopita. Lakini kuna nyingine anamhoji Mungu waziwazi. Mkewe, Soyarabai, alikwenda mbali zaidi: kama unajisi unatokana na mwili, basi nani aliyezaliwa bila mwili? Na mtoto wao Karmamela hakuona sababu ya kushukuru hata kidogo. Nyumba moja, imani moja, na hasira inayopanda kadiri kizazi kinavyofuata kingine.

Mapokeo yanasema Chokhamela alikufa mwaka 1338 huko Mangalvedha, akijenga ukuta wa mji, ukuta ukawaangukia vibarua. Rafiki yake Namdev, mshairi na fundi cherehani, akaenda kuitafuta mifupa yake katikati ya mifupa ya wenzake. Aliitambua kwa sababu ilikuwa bado inalitaja jina la Vitthal. Akairudisha Pandharpur. Hata hiyo mifupa ilizikwa nje.

Mlango ulifunguliwa kwa watu wa jamii yake mwaka 1947, baada ya mwandishi Sane Guruji kugoma kula. Miaka 600 na zaidi. Mwaka uliofuata, B. R. Ambedkar, Mmahar aliyesimamia uandishi wa katiba ya India, alimtaja Chokhamela kwenye tabaruku ya kitabu chake kuhusu wasioguswa. Kisha tarehe 14 Oktoba 1956, mjini Nagpur, aliuacha Uhindu na kuingia Ubudha pamoja na mamia ya maelfu ya watu, wengi wao Wamahar.