Kutoka Mtaa wa 120 hadi Githunguri

Mwaka 1939 chuo cha ualimu kilifunguliwa Githunguri, Kiambu, bila kutegemea fedha za serikali ya kikoloni. Mkuu wake alikuwa Peter Mbiyu Koinange, mwana wa Chifu Mkuu Koinange wa Mbiyu. Alikuwa amerejea nyumbani mwaka uliotangulia, baada ya kukaa ng'ambo zaidi ya miaka kumi. Katika vyuo alivyopitia huko, kimojawapo kilikuwa Teachers College, chuo cha elimu cha Chuo Kikuu cha Columbia mjini New York. Hapo ndipo alipochukua shahada ya uzamili ya elimu.

Chuo hicho kinajulikana kwa majina makubwa ya maprofesa wake, na majina hayo yana haki ya kutajwa. Lakini ukitaka kujua kilifanya nini duniani, uwafuate wanafunzi wake walikorudi, uone walianzisha nini. Njia ya mmojawapo wa wanafunzi hao inafika kwetu.

Teachers College ilianza kwa unyenyekevu. Grace Hoadley Dodge, binti wa tajiri wa New York, alikuwa akijishughulisha na mafunzo ya kazi za nyumbani kwa mabinti wa maskini na wahamiaji. Kadiri madarasa yalivyoongezeka, ilidhihirika kwamba waliokosekana ni walimu. Mwaka 1887 shule ya kuwaandaa ikafunguliwa, Nicholas Murray Butler akiwa rais wake wa kwanza. Miaka saba baadaye ikahamia Mtaa wa 120, na kabla karne haijaisha ikawa imeungana na Columbia. Hoja iliyosukuma mambo ilikuwa ngeni wakati huo: kwamba ualimu ni taaluma ya kusomewa chuo kikuu kama udaktari na sheria. James Earl Russell, mkuu wa chuo hadi mwaka 1927, aliisimamia hoja hiyo kwa kuajiri watu wenye vipaji, hata walipopingana wao kwa wao.

Na walipingana kweli. Edward Thorndike alikuwa amewafungia paka ndani ya vikreti na kupima muda waliotumia kujifunza kufungua komeo; utafiti huo wa mwaka 1898 ulimpa shahada ya uzamivu, na tangu 1899 alifundisha hapo kwa miongo minne, akiamini kwamba kujifunza kunaweza kupimwa. John Dewey, aliyehamia Columbia kutoka Chicago, aliona shule kama jamii ndogo ambamo mtoto anajifunza kwa kutenda. William Heard Kilpatrick akayageuza mawazo hayo kuwa namna ya kufundisha, katika makala yake ya mwaka 1918 kuhusu mradi kama kiini cha somo. Mwaka 1932 George Counts akauliza hadharani kama walimu wana ujasiri wa kutumia shule kujenga mfumo mpya wa jamii. Wakati huo Koinange alikuwa kijana anayesoma Marekani.

Wapo pia waliofungua milango mingine. Mwaka 1907 Adelaide Nutting aliteuliwa kuwa profesa wa uuguzi, mtu wa kwanza duniani kushika cheo hicho. Nao walimu Weusi wa majimbo ya Kusini, ambao vyuo vikuu vya kwao viliwafungia milango kwa sababu ya rangi, walisafiri kaskazini wakati wa likizo za kiangazi ili wapate shahada za uzamili New York. Shirley Chisholm alisoma hapo huku akifanya kazi katika shule ya watoto wadogo, na mwaka 1968 akawa mwanamke Mweusi wa kwanza kuchaguliwa kuingia Bunge la Marekani.

Wachina walitangulia kuonyesha jinsi elimu hii inavyobadilika ikivuka bahari. Guo Bingwen alipata shahada ya uzamivu hapo mwaka 1914, akarudi na kuongoza chuo kikuu Nanjing. Tao Xingzhi alirudi mwaka 1917, na mwaka 1927 akafungua shule ya walimu wa vijijini nje ya mji huohuo. Alimheshimu Dewey, lakini aliona kwamba mafunzo yake hayawezi kukaa kijijini China yalivyo, akayageuza.

Afrika Mashariki elimu hii ilifika kwa namna nyingine. Mwaka 1924 tume ya Phelps-Stokes, mfuko wa hisani wa Marekani, ilizunguka Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar ikikagua elimu ya Waafrika. Ndani yake alikuwamo James Aggrey wa Gold Coast, mwanafunzi wa Columbia na Mwafrika pekee katika msafara huo, ambaye watu walimiminika kumsikiliza kila alipofika. Tume ilipendekeza elimu iliyolinganishwa na maisha ya kijijini: kilimo, afya, kazi za mikono, kwa mfano wa Hampton na Tuskegee, shule za Weusi wa Marekani. Mwaka uliofuata Shule ya Jeanes, ya kuandaa walimu kwa mtindo huo, ikafunguliwa Kabete.

Wazazi wengi wa Kikuyu hawakuyaona mapendekezo hayo kama zawadi. Walitaka watoto wao wasome Kiingereza na hesabu, wafike vyuo vikuu. Mgogoro wa mwaka 1929 na wamisionari juu ya tohara ya wasichana ulipozuka, waliotoka makanisani walianzisha shule zao wenyewe. Shule zikaongezeka, na tatizo la Grace Dodge likajirudia Kiambu: walimu hawatoshi.

Ndiyo maana nampa Koinange uzito. Alianzia Hampton mwaka 1927, penye chimbuko la elimu ile ya mikono, lakini hakuishia hapo. Alisoma Ohio Wesleyan, kisha New York. Aliporudi, chuo kilijengwa kwa michango ya wananchi. Marika yalishindana kutoa, kila rika likitaka lisipitwe na jingine, na wanawake wakakusanya fedha za bweni la wasichana. Fedha za kigeni zingeweza kujenga majengo hayo, ila zisingeweza kuwafanya watu wakiite chuo chao. Jomo Kenyatta aliporejea kutoka Uingereza mwaka 1946 alijiunga nacho, na mwaka uliofuata akakiongoza.

Hali ya Hatari ilipotangazwa nchini Kenya Oktoba 1952, Koinange alikuwa Uingereza akitetea madai ya ardhi. Serikali ikakifunga chuo pamoja na shule za kujitegemea, ikayachukua majengo, na mahali walipofundishwa walimu watu wakanyongwa. Sijui katika historia ya elimu Afrika Mashariki ushahidi mzito zaidi wa jinsi utawala ulivyoogopa chuo cha ualimu.

Miaka tisa baadaye Teachers College yenyewe ikaja. Uhuru ulikuwa mlangoni na sekondari hazikuwa na walimu wa kutosha, kwa kuwa ukoloni uliwasomesha Waafrika wachache mno kufikia kiwango hicho. Mkutano uliofanyika Princeton Desemba 1960 ulizaa mpango wa Walimu kwa Afrika Mashariki, uliogharimiwa na serikali ya Marekani na kusimamiwa na chuo hicho, Karl Bigelow akiwa mmoja wa waliouongoza. Kuanzia 1961 vijana wa Kimarekani waliandaliwa New York na Makerere, wengine wakichukua stashahada ya elimu hapo Makerere, kisha wakapelekwa kufundisha Kenya, Uganda na Tanganyika. Uingereza nayo ilileta walimu wake. Waliofundishwa nao walikuwa miongoni mwa wanafunzi wa kwanza kumaliza sekondari wakiwa raia wa nchi huru.

Hata hivyo kuleta walimu kutoka nje kulikuwa kuziba pengo tu. Hatua bora zaidi ilifuata, mpango ulioleta wakufunzi wa vyuo vya ualimu, ili walimu wazaliwe hukuhuku, kazi ambayo Githunguri iliianza mwaka 1939 kwa shilingi za wakulima. Wengi wa vijana wale wa Kimarekani walirudi kwao wakaendelea na kazi nyingine, na baadaye wakaunda umoja wao, wakichangishana fedha za vitabu na vifaa kwa shule za Kenya, Tanzania na Uganda.