Mkono uliofuata mistari ya Kolo

Kwa wakandarasi waliojenga barabara ya lami kutoka Mayamaya, Dodoma, kazi iliishia Bonga. Ni kilomita 188 na ushei, zilizozinduliwa Aprili 2018, na tangu hapo safari iliyokuwa ya vumbi na kukwama masika imekuwa ya saa chache tu. Basi likishaiacha Bonga kuelekea kusini, abiria wengi husinzia mpaka Kondoa mjini. Katikati ya safari hiyo wanapitwa na Kolo, penye ofisi ya Mambo ya Kale kandoni mwa barabara, na nyuma yake vilima vyenye miamba iliyochorwa na watu walioishi hapa kabla ya jembe na kabla ya ng'ombe. UNESCO iliingiza michoro hiyo katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006, katika eneo la kilomita za mraba 2,336.

Habari za michoro yenyewe zimeandikwa mara nyingi. Makala hii inahusu jambo ambalo halisemwi sana: namna michoro hiyo ilivyohamishiwa kwenye karatasi, na msanii aliyeifanya kazi hiyo kwa mkono wake.

Wenyeji hawakuhitaji kuambiwa kuwa miamba ina picha. Warangi wamekuwa wakipanda hadi kwenye mwamba uitwao Mungomi wa Kolo kwa ajili ya tiba na kuomba mvua kwa vizazi vingi. Kwa wasomaji wa Ulaya, habari zilianza kuenea mwaka 1929, pale T. A. M. Nash, mtaalamu wa ndorobo aliyefanya kazi upande huo wa Kondoa, alipochapisha taarifa fupi juu ya picha alizozikuta. Daktari Mjerumani Ludwig Kohl-Larsen akafuata katika miaka ya 1930, akatoa kitabu chake mwaka 1938. Mwaka 1950 Henry Fosbrooke na wenzake walitoa mwongozo wa michoro hiyo katika jarida la Tanganyika Notes and Records. Kila mmoja alikuwa na kamera au penseli, na kila mmoja aliondoka na sehemu ndogo tu ya kilichokuwa ukutani.

Ndipo akaja Mary Leakey.

Dunia inamkumbuka kwa fuvu la Zinjanthropus aliloliona Olduvai mwaka 1959, na kwa nyayo za Laetoli zilizofukuliwa miaka ya 1970. Lakini kabla ya kuitwa mwanaakiolojia alikuwa mchoraji. Alizaliwa London mwaka 1913, binti wa Erskine Nicol, aliyeishi kwa kuchora mandhari. Utotoni alizunguka na wazazi wake kusini mwa Ufaransa, na huko padri Amédée Lemozi alimwonyesha michoro ya mapangoni, ikiwamo ya Pech Merle. Baba yake alifariki mwaka 1926. Binti hakuwa na shahada yoyote, ila alijua kuchora zana za mawe kwa usahihi ambao wachimbaji waliutafuta kwa udi na uvumba. Michoro yake ilimvutia Gertrude Caton-Thompson, na kupitia kwake akakutana na Louis Leakey, aliyekuwa anatafuta mtu wa kumchorea kitabu. Hivyo ndivyo alivyofika Afrika Mashariki, na mwaka 1935 akaiona miamba ya Kondoa kwa mara ya kwanza.

Ilimbidi asubiri miaka kumi na sita kabla ya kurudi kwa kazi kamili. Mwaka 1951 yeye na Louis, ambaye sasa alikuwa mumewe, walipiga kambi katika vilima hivyo, pamoja na watoto wao, mdogo kabisa akiwa na umri wa miaka miwili. Walikaa takriban miezi mitatu. Katika muda huo Mary alinakili picha zipatazo 1,600.

Ni vizuri tuielewe kazi hiyo ilikuwaje, kwa sababu wengi tunadhani kunakili ni kazi ya mtu asiye na ubunifu. Mwamba haujanyooka kama ubao. Una matumbo na mabonde, una nyufa, una michirizi ya maji na masizi. Picha nyingi ni nyekundu juu ya jiwe lenye wekundu wake, na mahali kama Cheke zimechorwa moja juu ya nyingine kiasi kwamba jicho linaona fujo tu: mguu wa twiga unatokea kwenye mgongo wa pofu, na ndani yake kuna mtu mwembamba asiyejulikana ni wa tabaka lipi. Kamera ya wakati ule ilileta fujo ileile, tena kwa rangi nyeusi na nyeupe.

Mary alitumia karatasi angavu za selofani. Alizikaza juu ya mwamba, akafuatisha kila mstari kama ulivyo, kwa ukubwa wake halisi. Kisha mchoro ulihamishiwa kwenye karatasi ya kuchorea kwa kipimo kidogo na kupakwa rangi zinazolingana na za mwambani. Ikielezwa kwa sentensi mbili, kazi inaonekana nyepesi. Lakini mkono unaofuata mstari hauwezi kudanganya: lazima uamue kama mstari huu unaendelea chini ya ule au unaukata. Mkono ukishaamua hivyo mara mia, tabaka huanza kuachana. Ile fujo ya Cheke inageuka kuwa pofu kamili, halafu twiga kamili, halafu watu waliochorwa baada yao. Kwa maoni yangu hapo ndipo usanii wa Mary ulipokuwa. Alitafuta njia ya kuchora inayomlazimisha mchoraji kuona.

Na alichokiona kilikuwa na uhai mwingi. Wachoraji wa kale walikuwa na mkono mwepesi ajabu. Watu wao ni warefu, miili imejazwa mistari myembamba iliyosimama sambamba, vichwa vina nywele nene za mviringo au vimevalishwa kitu. Wanawinda, wanacheza ngoma, wanapiga ala. Wino wao ulikuwa udongo mwekundu wenye kutu ya chuma. Juu ya picha hizo, baadaye sana, zilikuja nyeupe: nene, nyingine zimepakwa kwa kidole, ambazo watafiti wengi wanazihusisha na wakulima waliohamia eneo hili. Katika kumbukumbu zake Mary alieleza kwamba mawe na mifupa visingeweza kumpa habari za maisha ya watu kama picha hizi zilivyompa, na aliuhesabu msimu ule kuwa miongoni mwa nyakati za furaha zaidi maishani mwake. Namwamini.

Kinachosikitisha ni jinsi karatasi zile zilivyochelewa. Kitabu chake, Africa's Vanishing Art, kilitoka mwaka 1983, miaka thelathini na miwili baada ya kambi ya Kondoa. Katika muda huo mvua, jua, moshi na mikono ya wapita njia viliendelea kuila miamba. Mtanzania Fidelis Masao alikuwa ameshaifanyia michoro ya kanda ya kati utafiti wa shahada ya uzamivu, akachapisha kitabu chake mwaka 1979. Jina lake lingepaswa kutajwa katika kila darasa la sanaa kuanzia Babati hadi Singida.

Tafsiri nazo zimebadilika. Kuna picha maarufu ya Kolo ambamo watu wanamshika mmoja wa katikati mikono, wengine upande huu na wengine upande ule. Mary aliona jaribio la kumteka mwanamke. Wengine waliofuata waliona ngoma ya kupandisha maruhani. Imogene Lim, aliyeishi na Wasandawe na kumaliza tasnifu yake mwaka 1992, aliihusisha michoro ya kwao na simbó, ngoma yao ya tiba. Kabla yake Eric ten Raa alikuwa ameandika, mwaka 1971, kwamba uchoraji wa miambani miongoni mwa Wasandawe ulikuwa bado haujasahaulika. Mimi nafuata zaidi upande wa ngoma, maana watu wanaochora sherehe zao kwa uangalifu hivyo hawaelekei kuchora ugomvi wa siku moja. Hata hivyo, wote hao waliweza kubishana kwa sababu mchoro ulikuwapo mezani, mstari kwa mstari.

Leo mtafiti hashauriwi kubandika karatasi juu ya mwamba, kwa kuwa rangi iliyobaki ni unga unaoweza kuondoka na kidole. Mahali pa selofani pamechukuliwa na programu iitwayo DStretch, iliyotengenezwa na Mmarekani Jon Harman mwaka 2005. Inazitenganisha rangi za picha ya kamera mpaka wekundu uliofifia unachomoza kwa rangi kali za kompyuta. Maciej Grzelczyk wa Poland aliitumia katika mwamba wa Amak'hee 4, ndani ya pori la akiba la Swaga Swaga, kusini mwa Kondoa. Aliufikia mwaka 2018, na mwaka 2021 akachapisha watu watatu wenye vichwa vinavyofanana na vya nyati.

Lakini hata baada ya DStretch, Grzelczyk alilazimika kuchora. Kompyuta inatoa mabaka ya rangi. Haisemi pembe inaishia wapi na nywele zinaanzia wapi. Bado anahitajika mtu mwenye jicho lililofunzwa, akae mbele ya picha na kufuata mstari mmoja baada ya mwingine. Katika eneo la Kondoa inakadiriwa kuna sehemu zenye michoro kati ya 150 na 450, nyingi zikiwa hazijanakiliwa kikamilifu. Kijana wa Bonga mwenye kipaji cha penseli yuko karibu nazo kuliko chuo kikuu chochote, na nauli ya kufika Kolo ni ya basi moja.