Usimwite Mjomba: Stori ya Makamu na Kombe la 1987

Divock Origi hahitaji utangulizi. Hata kama wewe si shabiki wa Liverpool, ile kona ya tarehe 7 Mei 2019 umeiona: Trent Alexander-Arnold anaipiga haraka, Barcelona wamezubaa, Origi anatia wavuni. Liverpool walikuwa wamelimwa 3-0 kule Hispania, wakashinda 4-0 kwao Anfield, na Origi akafunga mawili kati ya hayo manne. Tarehe 1 Juni, Madrid, akatoka benchi na kufunga bao la pili la fainali dhidi ya Tottenham. Ghafla Kenya nzima ikakumbuka kwamba huyu mchezaji wa Ubelgiji ni wetu.

Sisi wa Homa Bay tulikumbuka kwa kelele zaidi. Kwetu ni Takawiri, kisiwa kidogo upande wa Suba, unavuka kwa boti kutoka Mbita, jirani na Mfangano. Wageni wanakijua kwa mchanga mweupe na minazi. Sisi tunakijua kwa omena. Siku zile vijana wa ufuoni walikuwa wakibishana kama Origi angeanza mechi au angeingia baadaye, lakini wazee waliokuwa wakishona nyavu hapo kando walikuwa na neno moja tu: "Huyo ni wa kina Makamu."

Makamu nani? Vijana wengi hatukujua. Na tulipoingia mtandaoni kutafuta, tukapata mstari mmoja: Austin Oduor, mjomba wa Divock Origi.

Ugomvi wangu unaanzia kwenye hilo neno "mjomba". Kwa Kiswahili, mjomba ni kaka wa mama. Austin Oduor ni kaka wa Mike Okoth Origi, babake Divock. Huyo ni baba mkubwa. Waandishi walichukua neno moja la Kiingereza linalobeba watu wote wa aina hiyo, wakalitafsiri bila kufikiri. Unaweza kusema hilo ni jambo dogo. Kwetu si dogo. Ndugu wa baba ni baba, na mtu akikosewa ukoo, mara nyingi historia yake nayo imeshakosewa. Makamu amegeuzwa tanbihi ya mtoto wake, ilhali mtoto ndiye aliyezaliwa ndani ya stori ya Makamu.

Tuanze na jina la timu. Gor Mahia, klabu iliyoanzishwa 1968, ilichukua jina la mtu wa huku kwetu: Gor wuod Ogada, mganga mashuhuri wa Kanyamwa, Ndhiwa, ambaye bado anasimuliwa kwamba aliweza kujigeuza apendavyo na kuwapotea maadui machoni. "Mahia" ni miujiza. Serikali ilipopiga marufuku majina ya kikabila kwenye vyama na timu mapema katika utawala wa Moi, Abaluhya ikawa AFC Leopards, na watu wa Gor wakasema herufi zao ni kifupi tu cha Gulf Olympic Rangers. Ghuba inayotajwa hapo ni yetu, ya Winam. Kutoka Takawiri mdomo wake hauko mbali. Mganga akajificha ndani ya herufi tatu na mechi ikaendelea.

Lakini miujiza ya Afrika Mashariki haikutosha Afrika. Mwaka 1979 Gor walifika fainali ya Kombe la Washindi la Afrika na kukutana na Canon Yaoundé ya Kamerun. Walifungwa 2-0, kisha 6-0. Mabao manane bila jibu. Halafu wakachukua ubingwa wa klabu za Afrika Mashariki na Kati mwaka 1980, 1981 na tena 1985. Wafalme wa nyumbani, basi, lakini wenye kidonda cha Yaoundé.

Hicho ndicho kikosi alichokuja kukiongoza Oduor. Alikuwa beki wa kati, na alichezea Harambee Stars pia. Kazi ya beki wa kati haina klipu nzuri. Straika akikosa mara tano na kufunga moja, anabebwa juu. Beki akiokoa mara tano na kukosea moja, ndiye wa kulaumiwa. Ukitaka kumwelewa Makamu, lazima uangalie hesabu ya fainali ya 1987, kwa sababu kombe lile lilishindwa kwa hesabu.

Wakenya waliliita Kombe la Mandela. Mzee Mandela mwenyewe alikuwa bado gerezani, na angekaa huko hadi 1990. Fainali ilikuwa ya mikondo miwili dhidi ya Espérance ya Tunisia. Mkondo wa kwanza ulipigwa Tunis, tarehe 21 Novemba. Matokeo: 2-2. Peter Dawo, straika hatari wa Gor, alifunga moja. La pili lilifungwa na nahodha mwenyewe, beki Austin Oduor.

Kama umeanza kutazama mpira juzi, nisikilize hapa, maana Ulaya waliifuta sheria hii 2021. Zamani, timu zikitoka sare kwa jumla ya mabao, aliyefunga mengi ugenini ndiye aliyepita. Kwa hivyo yale mawili ya Tunis yalikuwa akiba. Nairobi, Gor wangeshinda kombe hata kwa 0-0 au 1-1. Ikiwa 2-2, ni penalti. Ikiwa 3-3, kombe linapanda ndege kwenda Tunisia.

Jumamosi, 5 Desemba 1987, Kasarani. Uwanja ulikuwa mpya, umejengwa kwa ajili ya Michezo ya Afrika ya Agosti mwaka huo, na tayari ulikuwa umewaliza Wakenya: Harambee Stars walipoteza fainali ya michezo hiyo kwa Misri, 1-0. Dawo akafunga tena. Espérance nao wakapata lao. Ikiwa 1-1, bao moja tu zaidi la wageni lingeondoka na kombe. Hapo washambuliaji wamemaliza kazi yao na mechi ni ya mabeki. Dakika zikayoyoma, filimbi ikapulizwa: jumla 3-3, mabao ya ugenini mawili kwa moja. Ondoa lile bao la Makamu la Tunis na hakuna kombe.

Nimeangalia kalenda ya mwezi. Usiku ule ulikuwa wa mbalamwezi kamili. Mtu wa ziwani ataelewa mara moja: omena huvuliwa kwa taa gizani, na mwezi ukijaa taa haina kazi, boti zinapumzika. Ndiyo maana wazee wa Takawiri wanaikumbuka mechi ile pamoja, si mmoja mmoja. Wavuvi walikuwa nchi kavu, redio ikiwa katikati yao, Sauti ya Kenya.

Ligi ya siku zile ilikuwa ya ridhaa. Kulikuwa na sifa, kulikuwa na kubebwa juu, lakini pesa za kumstarehesha mtu maisha yake yote hazikuwepo. Mike Okoth, mdogo wake Oduor, alipitia Shabana ya Kisii na Kenya Breweries, kisha mwanzoni mwa miaka ya 1990 akaenda Ubelgiji kuchezea Oostende. Huko ndiko Divock alikozaliwa, 1995. Baadaye Mike alikuwa kwenye kikosi cha Genk kilichotwaa ubingwa wa Ubelgiji 1999, na mtoto akakulia katika shule ya soka ya klabu hiyohiyo. Familia ileile, kazi ileile. Tofauti ni kwamba mmoja alicheza mbele ya kamera ishirini na mwingine mbele ya redio.

Tangu 1987 hakuna timu nyingine ya Kenya iliyotwaa kombe la klabu la bara hili. Haiwezekani hata kulirudia lile, kwa sababu shindano lenyewe lilivunjwa na kuunganishwa na jingine mwaka 2004. Ushahidi mkubwa uliobaki ni vichwa vya watu, na watu hao wanazeeka. Bao la Origi tunaweza kulitazama mara elfu. La Makamu kule Tunis lazima mtu akusimulie.

Kwa hivyo nina ombi dogo. Kama una mzee nyumbani aliyekuwa na redio mwaka ule, iwe Takawiri, Kaloleni au Jericho, mkalishe chini wiki hii, washa simu urekodi, umuulize alikuwa wapi Jumamosi ile. Na akimaliza, ukiandika popote kuhusu Austin Oduor, mwandike hivi: nahodha wa Gor Mahia, bingwa wa Afrika 1987. Divock atakuja kwenye mstari wa pili, na hapo usisahau: baba mkubwa.