Hela ya ndizi ya Bibi

Sisi tuliozaliwa huku Marekani tukisikia "bibi mcha Mungu" tunamfikiria mama mpole, wa kuitikia tu. Bibi yangu wa Machame, Mlutheri wa damu, hakuwa hivyo.

Wamisionari wa Leipzig walifika Kilimanjaro mwaka 1893. Baadaye kahawa ikashika, na mwaka 1933 kikaundwa chama cha ushirika cha KNCU. Hela ya kahawa ilikuwa ya baba mwenye kihamba. Ndizi, maharage na maziwa ya kuuza vilikuwa vya mama. Kwa hiyo Babu alipofariki, Bibi tayari alikuwa na biashara yake. Anabeba mkungu kichwani, anashuka sokoni, anarudi na hela yake. Hamwombi mtu.

Jumapili hakosi ibada. Baada ya ibada, sadaka za mazao zinapigwa mnada nje ya kanisa: mayai, kuku, ndizi. Hapo Bibi alipandisha bei sawa na wazee wa kanisa, na hela ikaenda kwa Mungu bila kupitia mfuko wa mwanaume yeyote.

Ila kihamba kilirithiwa na wanaume. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 ilimpa mwanamke haki sawa ya kumiliki ardhi, Bibi akiwa ameshalala kwenye udongo alioulima maisha yake yote, na haukuwa wake.

Mkipiga simu nyumbani wikiendi hii, msiulize tu bibi alisali wapi. Ulizeni pia: hela yake aliipataje, na shamba lilikuwa la nani?